Anayejua Asili Harejeshi

Kati ya vyumba viwili vya nyuma vya karakana ile palikuwa na ukuta, na katikati ya ukuta kidirisha kisichotosha hata kupitisha sahani. Upande mmoja alikaa Mfasiri. Upande wa pili alikaa mumewe. Aliyekitoboa kidirisha hicho ni mume, kwa patasi ya kuazima, siku ndoa yao ilipokuwa changa na wao wakipitishiana vikombe vya chai pamoja na maneno ambayo hayakuandikwa popote. Aliyeamua baadaye kipite nini na kisipite nini ni mke.

Kazi yao ilikuwa hii. Watu walikuja na maneno ya Kiingereza waliyoyapenda, wakataka yageuzwe Kigiriki na kuchongwa juu ya kitu: pete, kidani, kikombe cha ushindi, kibao cha mlangoni, jiwe la kaburi. Ukiwauliza kwa nini Kigiriki, baadhi walisema kina heshima, na wengi wakakiri kwamba walitaka tu jirani ashindwe kukisoma. Madaktari wapya walileta viapo vyao, maharusi walileta milele yao, na vijana wanaonyanyua vyuma walileta maneno ya kujitutumua ambayo Mfasiri aliyafasiri huku amekunja uso kama mtu aliyeshikishwa samaki aliyechacha. Majina nayo yalikuwa na mashaka yake. Bwana mmoja aliyebatizwa James alipoelezwa kwamba Wagiriki tangu zamani huliita jina hilo Iakovos, aligeuka mbogo pale mapokezi.

“Yakobo ni babu yangu!” alifoka. “Mimi nimekuja kuchonga jina langu, si la marehemu!”

“Basi tutalichonga kwa sauti yake tu,” Mfasiri alimjibu, “na Mgiriki atakayelisoma atadhani umepaliwa.”

Hakuwa mwanamke wa kubembeleza wateja. Yeye na mumewe walikutana darasani, katika chuo cha dini kilichokwisha kufungwa, mbele ya mwalimu mzee aliyekuwa akiwachapa vidole kwa rula wakiweka alama ya mkazo mahali pasipo pake. Mwalimu huyo, kabla ya kufariki, aliwaachia njia moja ya kufanya kazi, na Mfasiri aliishika kama wengine wanavyoshika wosia. Yeye huandika Kigiriki peke yake juu ya kikaratasi, bila neno hata moja la Kiingereza, akakipitisha dirishani. Mrejeshaji, yaani mumewe, asiyejua mteja ni nani wala ametaka nini, huyarudisha maneno katika Kiingereza nyuma ya kikaratasi hichohicho, akapiga muhuri wake, akakitoa kwa mlango wa upande wake mpaka kwa mchongaji. Mchongaji hukigeuza, akalinganisha na maneno ya mteja yaliyobandikwa ubaoni. Yakifanana, patasi inashuka. Yasipofanana, kikaratasi kinarudi kwa Mfasiri, na siku hiyo hakuna anayemsogelea.

Mwalimu aliishia hapo. Mfasiri aliongeza yake. Mrejeshaji haulizi. Mrejeshaji hajibu. Mrejeshaji akiyatambua maneno, akijua ni ya nani au yalitoka wapi, basi hana haki ya kuyarejesha, kwa sababu atakuwa anakumbuka wala hasomi. Aandike “Ninajua asili” na kuyarudisha bila muhuri. Na pasipo muhuri hakichongwi kitu.

Ndiyo maana mchongaji, aliyekuwa mdogo wa mume na mwenye karakana, alimwita shemeji yake Mama Kanuni. Na kaka yake akaitwa Bwana Muhuri. Aliyasema majina hayo kwa sauti, mbele yao, kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha asiyejua kunong'ona. Miaka ya kugonga shaba ilikuwa imemharibu masikio.

Kabla ya majina hayo walikuwa na mengine. Walikuwa Mama Tone na Baba Tone. Binti yao alizaliwa mdogo mno, baba akamwita Tone, na jina la cheti likasahaulika. Alikuwa ameanza tu kusimama kwa kushikilia kiti homa ilipomchukua. Baada ya mazishi, baba aliingia chumbani mwake, akakaa siku nzima, kisha akaleta dirishani maneno aliyoyatunga kwa Kiingereza, lugha ambayo haikuwa ya mama wala ya baba, ambayo labda kwa sababu hiyo iliweza kuyabeba. Yalisema: Alikaa kidogo, akatutosha. Aliomba mkewe ayatie katika Kigiriki, yachongwe juu ya jiwe la mtoto. Walipendana katika lugha hiyo. Alitaka mtoto wao alale ndani yake.

Mfasiri aliyafasiri. Yalimchukua asubuhi nzima na leso mbili. Kisha akaketi na kikaratasi mkononi, akaona kwamba hapakuwa na mtu wa kukirejesha. Mwalimu alikuwa amefariki. Mume ndiye aliyetunga.

“Piga patasi, shemeji,” mchongaji alimsihi wakati huo. “Nani atakuja kukagua kaburi la mtoto?”

“Mimi,” alisema Mfasiri. “Nikiligundua kosa mwaka kesho, nitalifuta kwa nini? Kwa mate?”

“Hata likiwa na kosa,” mume alisema, amesimama mlangoni, “ni kosa la baba yake na mama yake.”

“Anayejua asili harejeshi,” alijibu mkewe, na kikaratasi akakitia katika mkoba wake.

Jiwe likawekwa tupu. Lilikuwa jiwe zuri, jeupe, limesuguliwa na mchongaji, ami yake Tone, mpaka likang'aa. Mvua ikinyesha lilionekana kama ukurasa. Tangu siku ile mume hakumwita tena Mama Tone, naye hakumwita Baba Tone, na kwa vile hawakupata majina mengine ya kuitana, waliacha kuitana. Nyumbani walizungumza habari za gesi, za bomba linalovuja, za nani amefunga mlango. Kazini walizungumza Kigiriki na Kiingereza, na yote yalikuwa maneno ya watu wengine.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka simu ilipolia mwanzoni mwa juma moja. Aliyepiga alisoma nao zamani, na sasa alikuwa mkuu wa chuo kipya katika mji wa mbali. Alihitaji mwalimu wa Kigiriki. Palikuwa na nyumba ndogo uani, na wanafunzi wachache wenye bidii. Alihitaji jibu kabla ya Ijumaa.

“Na mumeo je?” aliuliza mkuu wa chuo.

“Nitakujulisha,” alisema Mfasiri, na hakujua alikuwa anajibu swali lipi.

Ukweli ni kwamba alitaka kubaki. Hakuyapenda mambo ya kufungasha na kuanza upya, na hakumpenda mkuu wa chuo, aliyekuwa akinakili majibu yake enzi zile. Lakini alikuwa amechoka kuwa sauti ya kalamu upande wa pili wa ukuta. Aliamua hivi: mume akitamka neno moja la kumzuia, atabaki, wala hatalitaja tena suala hilo. Asipolitamka, atakwenda.

Jioni ile alimkuta jikoni, amesimama mbele ya sufuria.

“Wamenipigia kutoka chuoni,” alisema. “Wanataka mwalimu. Ni mbali, wanatoa nyumba.”

“Nimesikia. Ukuta wetu una tundu.”

“Basi?”

“Basi nini?”

“Unasemaje?”

Mume alifunua sufuria, akachungulia ndani kana kwamba jibu lilikuwa limetiwa humo pamoja na vitunguu. “Chakula kinaungua,” alisema.

Hakikuwa kinaungua. Walikila, nacho kilikuwa na chumvi ya kutosha, jambo lililomuudhi zaidi kwa kuwa alitaka apate cha kulalamikia.

Kesho yake aliketi mezani pake na rundo la kazi. Kikombe cha klabu ya mbio. Pete mbili za maharusi waliotaka waandikiwe kwamba wao ni nafsi moja, ilhali walikuja mapokezi wakigombana juu ya upana wa herufi. Alizimaliza zote, akasikia muhuri upande wa pili ukianguka kwa kila moja, tap, tap, kwa mwendo uleule wa miaka yote. Kisha, bila kujipa nafasi ya kujikataza, alichukua kikaratasi kitupu, akaandika maneno matatu ya Kigiriki: Unataka nibaki? Aliweka alama zote mahali pake. Hata katika hali ile hakuweza kuziacha.

Alikipitisha.

Alikisikia kikivutwa. Alisikia kiti kikilia. Baada ya hapo hapakuwa na sauti kwa muda mrefu, akajionea aibu kwa kungoja kama msichana, akajikaza kisabuni, akashika kamusi asiyoihitaji. Angeweza kusogeza uso dirishani. Angeweza kusema, “Mimi hapa.” Alingoja.

Muhuri ukaanguka. Tap.

Mlango wa upande wa pili ukafunguliwa, nyayo zikaelekea kwa mchongaji, zikarudi, mlango ukafungwa. Dirishani hakikurudi kitu.

Alijiambia kwamba hakumwelewa. Alijiambia hivyo usiku wote na asubuhi iliyofuata, huku akijua kwamba huo ni uongo wa kitoto. Mume yule alikuwa akizirejesha hata sentensi za wanafalsafa bila kukuna kichwa. Lakini mtu aliye katika maji ya shingo hushika chochote, naye alishika hilo mpaka karibu na adhuhuri, sauti ya mchongaji ilipopasua karakana nzima.

“Shemeji! Njoo umchukulie mteja wako wa simu kibao chake!”

Alitoka akifuta wino vidoleni. Mchongaji alikuwa na kibao cha shaba juu ya meza, amekitandikia kitambaa, anakipuliza.

“Mteja gani?”

“Nitamjua wapi, wakati unawaficha kama vimada? Ubaoni hayupo, nikasema huyo ni wa simu, na muhuri umo. Tazama kazi, lakini. Herufi zimesimama kama askari. Ila nikuulize: hii nukta-mkato ya mwisho, sentensi haijaisha, au mteja aliishiwa pumzi?”

“Ndiyo alama ya kuuliza,” alisema kwa mazoea, kabla hajatazama. “Wagiriki ndivyo wanavyouliza.”

Kisha akatazama.

Maneno yake yalikuwa pale, makubwa, yamekatwa kwa kina, mwanga wa dirisha umelala ndani ya kila mfereji. Hakuwa amewahi kuona kitu chake kimeandikwa kikubwa hivyo. Aliweka kidole juu ya herufi ya kwanza na ilikuwa bado na vumbi la shaba.

“Nani alisema iwe shaba?”

“Kikaratasi.” Mchongaji alikichomoa chini ya nyundo. “Huu si mwandiko wa kaka? Shaba, herufi kubwa, kona za mviringo. Nilishangaa, maana hayo huandika wewe. Nikasema labda leo mmeamka vizuri.” Akakigeuza, akasoma Kiingereza cha nyuma, akapunguza sauti kwa mara ya kwanza katika maisha yake. “Kinauliza kama mtu anataka mwenzake abaki. Nimekosea kitu?”

“Hukukosea.”

“Na yeye? Hakukirejesha sawasawa?”

“Sawasawa kabisa,” alisema Mfasiri.

Mbele ya meza ya mapokezi alikuwa amesimama mama mmoja mpana, mwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, aliyekuja kufuata namba za vyumba vyake. Alikuwa amenyoosha shingo tangu mwanzo.

“Kinasemaje hicho? Unataka nibaki? Jamani!” Akapiga makofi. “Hicho ni changu! Nitakitundika pale pa funguo. Mgeni akija kulipa usiku mmoja, akikitazama tu analipa mbili!”

“Hicho ni cha mtu, mama,” alisema mchongaji.

“Mtu gani? Mtu mwenyewe ameshajibiwa?”

Mchongaji alimtazama shemeji yake, kisha akageukia namba za vyumba na kuanza kuzihesabu kwa sauti kubwa isiyo ya lazima.

Mfasiri hakurudi chumbani mwake. Alizunguka ushoroba, akasimama mbele ya mlango wa mume ambao hakuwa ameufungua tangu mazishi, akaufungua bila kubisha.

Siku zote alimwazia ameketi mezani upande wa mbali, mgongo umeelekea dirisha la nje. Meza kweli ilikuwa huko, lakini juu yake palikuwa na kamusi tu, zimepangwa kwa kimo. Kiti kilikuwa chini ya kidirisha. Mume alikuwa ameketi hapo, ameegemea ukuta wenyewe, ubao wa kuandikia juu ya magoti, na rangi ya ukuta ilikuwa imelika mahali kichwa chake kilipopumzika. Miaka yote hiyo walikuwa wameketi wametenganishwa na upana wa tofali moja.

“Ulijua,” alisema.

“Nilijua.”

“Tangu neno gani?”

“La kwanza. Hakuna mteja anayeuliza. Wateja wote wanatangaza.”

“Na mrejeshaji akijua, kanuni inasemaje?”

“Arudishe bila muhuri.”

“Sasa muhuri ulitoka wapi?”

Mume aliweka kalamu juu ya ubao, sambamba na ukingo. Alikuwa amezeeka upande mmoja wa uso kuliko mwingine, ule uliokuwa ukielekea mwanga. “Nilipokuletea maneno yangu hapa dirishani,” alisema, “uliyashika kwa ncha za vidole ukaniambia habari za kanuni. Safari hii umeniletea yako. Nikasema, haya, yake na yachongwe. Yachongwe vizuri, kwa shaba. Halafu tuone kama yakichongwa yanaacha kuuma.”

“Nilikuuliza swali, si kukuagiza kibao!”

“Uliniuliza kwa tundu, mahali ulipokataza mtu asijibu. Ningejibu, ungeniambia nimekosea utaratibu. Ningenyamaza, ungeniambia sina moyo. Nikafanya kazi yangu. Kulikuwa na kosa?”

“Acha hayo.”

“Nakuuliza kikazi. Kulikuwa na kosa?”

“Hapakuwa na kosa!” Alisikia nyundo ya mchongaji ikinyamaza huko mbele, akashusha sauti. “Basi nimetoka tunduni. Nimesimama hapa kwa miguu yangu, nakuuliza kwa lugha ya nyumbani. Unataka nibaki?”

Mume alimtazama. Midomo yake ilijikusanya kama ya mtu anayetafuta neno katika kamusi iliyopungua kurasa, na kwa pumzi moja Mfasiri aliamini kwamba litatoka. Angelipokea hata kama lingekuwa limevunjika. Angelipokea bila alama yoyote.

“Kwa lugha ya nyumbani,” alisema mume hatimaye, “tumebaki na gesi na funguo. Hilo unalolitaka nilikuwa nalo. Sijui nililiweka wapi.”

“Ni ndiyo au siyo tu.”

“Jiwe la Tone liko tupu.”

Alilisema kwa upole, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mfasiri alingoja liendelee, halikuendelea, naye akaelewa kwamba hilo ndilo lilikuwa jibu, na kwamba limekuwa jibu la kila kitu tangu zamani, hata la chai na la bomba.

Siku ya Alhamisi alimpigia mkuu wa chuo. Akafungasha kamusi zake, nguo chache, na rula ya mwalimu mzee ambayo aliirithi yeye badala ya mumewe, jambo ambalo mume hakuwahi kulilalamikia na sasa lilionekana kuwa mojawapo ya mambo mengi ambayo hakuwahi kuyalalamikia. Nyumbani mume alimsaidia kufunga kamba za sanduku. Alizifunga vizuri. Aliuliza kama funguo ataziacha au ataondoka nazo.

Asubuhi ya Ijumaa alipitia karakana kuchukua miwani yake ya akiba. Chumba kilikuwa kimekuwa kikubwa bila vitabu. Alifungua mkoba kutafuta leso, na katika mfuko wa ndani, mahali kilipokuwa tangu mazishi, akakikuta kikaratasi kile, kimelegea mikunjo kama kitambaa. Alijua kuwa kiko humo. Alikihamisha kutoka mkoba hadi mkoba kwa miaka yote hiyo, bila kukisoma.

Akakisoma. Alikiona ni sahihi. Lakini alijua jinsi macho ya mama yanavyoweza kuona sahihi, akaketi, akakinakili upya kwenye kikaratasi safi, pole pole, akipima kila neno, kisha akakisogeza mpaka kwenye kidirisha. Mkono wake ulitaka kurudi nacho. Akaupiga moyo konde, akakisukuma.

“Kazi ya mwisho,” alisema. Halikuwa jambo la kanuni kusema chochote.

Kikavutwa.

Sasa alijua mume ameketi wapi, kwa hiyo aliweka kiganja chake juu ya ukuta, mahali ambapo kwa upande wa pili rangi ilikuwa imelika. Alisikia pumzi ndefu ikiingia, ikakwama, ikatoka kwa vipande. Alisikia droo ikifunguliwa. Droo ya muhuri ilikuwa na bawaba iliyopiga kelele, aliitambua vizuri. Akafumba macho, akangoja ile tap, akajua kwamba ikianguka atavua koti lake, atafungua sanduku, na mkuu wa chuo atafute mtu mwingine wa kunakiliwa majibu.

Droo ikafungwa.

Kikaratasi kikarudi. Nyuma yake, kwa mwandiko uleule wa kikazi, ulionyooka, usiotetemeka hata kidogo, palikuwa na maneno mawili: Ninajua asili.

Alikaa nacho mkononi. Hakuweza kusema kama ni kisasi, au kama ndiyo namna pekee ya heshima iliyobaki baina yao, mume kuitii hadi mwisho kanuni iliyomnyima jiwe. Ilikuwa kanuni aliyoitunga Mfasiri mwenyewe. Angeiandika yeye kwa mkono wake, isingekuwa na mwandiko safi zaidi.

Huko mbele mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa amekuja tena.

“Yule mtu wa kibao amekifuata?”

Mchongaji akafungua kinywa kumfukuza.

“Hajakifuata,” alisema Mfasiri, akitokea na sanduku. “Hatakifuata. Muuzie mama, shemeji. Mtobolee na matundu ya misumari.”

“Shemeji...”

“Mtobolee.”

Mashine ikalia, vumbi la rangi ya dhahabu likamwagika mezani, na mama mwenye nyumba ya wageni akafunga kibao chake katika gazeti huku akibariki kila mtu aliyekuwemo. Alipoondoka, mchongaji alikiona kikaratasi mkononi mwa shemeji yake. Hakujua kusoma Kigiriki, lakini umbo la mstari ule alilikumbuka. Alikuwa amelipimia jiwe zima.

“Ni ile ya mtoto,” alisema.

“Ndiyo.”

“Ameirejesha?”

“Hapana.”

Mchongaji alifuta mikono juu ya aproni. Hakuwa na mzaha usoni, na bila mzaha alifanana sana na kaka yake. “Nipe hivyohivyo,” alisema. “Leo hii naenda makaburini na patasi. Muhuri mimi simo. Wewe niambie tu kwamba imekaa sawa, kwamba hakuna kosa, nami naichonga. Imekaa sawa?”

Mfasiri aliitazama tena. Neno la kwanza lilikuwa sawa. La pili, alifikiri, lilikuwa sawa. La mwisho, lile la kutosha, alilichagua asubuhi ile ya leso mbili kati ya maneno mawili yaliyokaribiana, na sasa hakukumbuka kwa nini aliliacha lile jingine. Maisha yake yote alikuwa akiandika na kusukuma, akaandika na kusukuma, na kila alichokisukuma kilirudi kikimwambia kwamba ndicho alichokuwa amekisema. Hakuwa amewahi kujua peke yake.

“Shemeji? Imekaa sawa?”

“Sijui,” alisema.

Alikunja kikaratasi mara mbili, akakirudisha katika mfuko wa ndani wa mkoba. Mchongaji alishika sanduku lake mpaka kizingitini, akamwambia aende salama, naye akaitikia. Kutoka chumba cha nyuma, juu ya kazi ya mteja mwingine, muhuri ulikuwa ukianguka: tap, kimya kidogo, tap.